Steki ya Mama Blessing

Segese, 4 Machi

Shikamoo Mama. Natumaini wewe na Blessing hamjambo, na masikio yamepungua kuuma. Mimi mzima. Kwa kuwa simu huisikii, nitakuwa nakuandikia ujumbe humu kwenye simu.

Mifuko miwili aliyokuletea kondakta ni steki ya mgongo, imefyonzwa hewa kwa mashine. Mmoja ni mfuko maalumu unaopitisha unyevu. Wa pili ni wa kawaida, maana ule maalumu nilipata mmoja tu. Weka yote kwenye friji, si kwenye friza, na usiifungue. Friji ya hapa jikoni inafunguliwa kila dakika. Nyama ikikomaa hivyo inalainika na kunoga kuliko ya kuchinja leo.

Bwana Magesa, mwenye jiko linalolisha mafundi wa mgodini Bugarama, ataionja tarehe 28 na wageni wake. Akiridhika, nakuwa mpishi mkuu na kupewa chumba. Hapo nitamchukua mwanangu Blessing.

Mwanao, Violeth

Shinyanga, 12 Machi

Marahaba mwanangu. Tunaendelea vizuri, ila vumbi. Nimeikagua mifuko na kuandika kwenye daftari langu: haijabadilika. Mjomba wako Jilala alifungua friji akauliza nyama hii inamngoja nani. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini. Anasema kwake nyama huliwa siku hiyo hiyo, inayobaki huanikwa.

Umesema utamchukua mtoto. Ameizoea shule ya hapa. Ndiye anayenipangia vidonge, na mlango ukigongwa ndiye anayenivuta mkono. Tutazungumza.

Mama yako

Shinyanga, 26 Machi

Mwanangu, habari za huko? Sisi hatujambo. Juzi umeme ulikatika kutwa nzima. Leo nimekagua. Mfuko mmoja umekuwa mweusi kama soli ya kiatu na umeing'ang'ania nyama. Huo umeoza; nimemwambia Jilala aje auchukue kwa ajili ya mbwa wake. Wa pili nyama ni nyekundu nzuri, mfuko umejaa kama mto wa kulalia. Huo nimempa kondakta, utaupata jioni.

Mama yako

Segese, 26 Machi, jioni

Shikamoo Mama. Mfuko umefika. Nilipoutoboa, Dorah ninayepika naye alikimbilia nje kwa harufu. Uliovimba ndio ulioharibika. Ule mweusi ndio wenyewe. Weusi ni ganda, linakatwa na kutupwa. Sikukueleza, na hilo ni kosa langu.

Dorah anasema, "Iloweke kwenye limau na pilipili, Magesa atajulia wapi?" Tafadhali nijibu. Mweusi uko wapi?

Mwanao, Violeth

Segese, 27 Machi, asubuhi

Mama, naona umesoma. Nitauliza, na Mungu anisamehe. Ulijua nikipata kazi hii Blessing anaondoka. Ulikosea kweli, au uliamua?

Violeth

Segese, 27 Machi, mchana

Mama, shikamoo. Hujajibu, na ni haki yako. Nyama nyekundu nimeifukia nyuma ya jiko. Nilikuwa nimeshakata limau, nikawaza mtu ameketi mezani ananiamini. Kesho nitamwambia Bwana Magesa sina kitu cha kuonjwa. Neno la asubuhi nalifuta. Kama mnaumwa, mwambie Mjomba aniandikie.

Mwanao, Violeth

Kahama, 28 Machi, asubuhi

Mwangaluka, Violeth, umeamkaje? Hatuumwi.

Jilala alikuwa bado hajaja. Uliponiuliza, mfuko mweusi ulikuwa palepale kwenye friji, na Blessing amekaa mezani anapanga vidonge vyangu. Mara ya kwanza nilikosea kweli, sikujua. Nilipousoma ujumbe wako ndipo nilipojua, na ndipo nilipoacha kukujibu. Nilitaka siku ipite yenyewe. Kisha ukaniandikia kwamba umeifukia ile nyingine. Sikuweza kumtazama mtoto.

Mimi na Blessing tuko njiani kuja kwako, tunabadilisha gari hapa Kahama. Mfuko uko kwenye deli lenye barafu, sijaufungua. Washa mkaa mapema. Huyo Magesa akikataa, tutakula wenyewe. Jilala anadai kipande chake, eti aone kama mbwa wake wamekosa kitu.

Nguo zote za Blessing ziko kwenye begi, na madaftari, na viatu vya shule. Sikusubiri kusikia Magesa atasema nini.

Njiani ameniuliza nani atanisikilizia mlango. Nimemwambia nitakuwa nauacha wazi.

Bibi yake