Jina la Kaka Yangu Sokoni

Mjukuu wangu Nemayian,

Huku Endulen tunapumua. Mama yako bado anakohoa, ila ng'ombe mwekundu amezaa.

Umeniuliza kama uiuze ile anwani ya tovuti uliyoisajili kwa jina la marehemu kaka yangu, maana kwenye soko la mtandaoni kampuni ya utalii inaitaka.

Sisi jina la marehemu hatulitaji. Nilipokuwa msichana, mwezi uleule aliofariki kaka, nilijisahau nikamwita kwa jina aje afungue zizi. Mama akatupa kibuyu cha maziwa, akakimbia hadi langoni kumpokea. Alisimama pale mpaka ng'ombe wote wakaingia.

Sikukatazi, umelilipia. Lakini watalii wakianza kulitaja huku barabarani, ujue mimi ndiye nitakayekuwa natoka nje kuangalia.

Bibi yako