Mapigo Manne ya Kimya

Jumatatu, 3 Machi

Mazoezi matamu! Ule wimbo wa kale wa piano tuliofundishwa utotoni kuupiga tumekaa wima kama askari — leo umecheka. Mimi kwenye piano, Mrefu kwenye besi, shemeji, mume wa dada, kwenye dramu. Miezi mitatu nimeupika mpangilio huu. Kazi ya mkono wa kushoto nimempa Mrefu, mwendo nimeulegeza, ukawa jazi tupu. Katikati napiga tu kinachonijia, kila siku kivyake. Jumamosi onyesho ukumbini. Jumamosi!

Dada bado ananuna. Eti ninanajisi muziki wa watu. Yeye na vyeti vyake vya piano! Nimemwambia aje na mumewe, atie pamba masikioni.

Jumatano, 5 Machi

Kuna jambo. Mwisho wa sehemu ya pili, Mrefu akanyamaza. Shemeji naye kimya. Mapigo manne mazima — wananingoja nipige peke yangu. Lakini mimi pale sipigi peke yangu. Sijawahi! Nikawauliza, wakacheka. Shemeji akasingizia uchovu.

Mmoja akikosea, sawa, kachoka. Wawili wakikosea pamoja, mahali pamoja, hao wamezoezwa. Na nani?

Alhamisi, 6 Machi

Nimembana Mrefu akifungasha besi. Uongo haujui, maskini. Akaanza kufuta nyuzi alizokwisha kuzifuta.

Ni dada. Wiki ya pili sasa wanafanya naye mazoezi, nyumbani kwake; yale mapigo manne ni yake kupiga peke yake. Meneja wa ukumbi anataka mpiga piano mwenye cheti, la sivyo hakuna onyesho. Shemeji akaona bora jambo libaki ndani ya familia. Familia gani? Mpangilio wangu, jasho langu — na anayekalia kiti ni yule yule aliyeuita uchafu!

Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka yote nimekuwa nikiusema tu.

Sijala.

Ijumaa, 7 Machi

Mama kapiga simu asubuhi. Eti mkubwa ni mkubwa, mambo yaishie nyumbani, watu wasipate la kusema. Kumbe hata Mama alijua! Nikakata simu. Sijawahi kumkatia Mama simu.

Jioni, dada huyo mlangoni, na karatasi tupu za muziki. Katikati pale anakwama. Kilichoandikwa anakipiga hata usingizini, ila pale hapakuandikwa kitu.

“Niandikie tu, mdogo wangu. Hata ukurasa mmoja. Usiniache niaibike kesho.”

Niaibike! Nilitaka kumfungia mlango usoni. Nikampisha. Sijui kwa nini.

Yuko sebuleni, kwenye piano yangu. Mimi meza ya jikoni. Mistari miwili nimeshampa, sahihi kabisa, na namsikia akiijaribu. Anaipiga vizuri. Vizuri kuliko mimi, na hilo ndilo linaloniua.

Sasa anaita. Anauliza kinachofuata. Ameniamini kabisa, hata hakagui — nikiandika chochote hapa atakipiga mbele ya ukumbi mzima. Penseli ninayo mkononi. Anaita tena, kwa lile jina la utotoni, na mimi…