Walinisifu Mbele Yangu, Kisha Wakaninyima Kazi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo kwa hasira nikalijutia, maana tangu Jumanne kichwa kinaniwaka na nyumbani hakuna anayetaka kunisikiliza tena.

Mimi ni fundi wa kompyuta, mwanamke, mama wa watoto wawili, na nina kampuni ndogo niliyoianzisha na wenzangu wawili baada ya kuacha kazi kwa mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyenilea na kunifundisha ufundi huu, na kampuni yake ni kubwa, ina jengo lake na mlinzi getini. Niliondoka kwake kwa wema na sikuwa na neno naye hadi wiki hii. Sasa idara ya serikali inayosimamia zahanati ikatangaza zabuni ya kuhudumia kompyuta na mtandao wa zahanati zake zote, kazi ninayoijua nje ndani, kwa sababu nilipokuwa kwa mjomba ni mimi niliyekuwa nikilala chini ya meza za mapokezi kutafuta waya uliotafunwa na panya huku wagonjwa wakiniruka. Tukaomba, mjomba naye akaomba, sisi tukakosa, yeye akapata.

Sikukasirika, kukosa kupo. Nilikwenda kwenye kikao kile ambacho aliyekosa huelezwa amepungukiwa wapi, nikiwa na nia ya kujifunza. Mwenyekiti wa kamati ya tathmini, mzee mmoja mpole mwenye miwani, akaniambia bei yetu nzuri, mpango wetu mzuri, ila kwenye wataalamu tumepata alama za chini kabisa kwa sababu fundi wetu mkuu hajaonyesha uzoefu wa kazi ya namna hii. Fundi mkuu ni mimi, mshauri. Nikauliza kwa upole, walioshinda wana nani? Akafunua faili, akanisomea kwa furaha. Jina alisema haruhusiwi kulitaja, lakini ni mtaalamu wa hali ya juu, ndiye aliyeziunganisha zahanati hizi kwa mara ya kwanza, ndiye aliyehamisha rejista za wagonjwa kutoka mfumo wa zamani bila kupoteza hata mgonjwa mmoja.

"Mtu kama yule bwana," akaniambia, "ndiye mnayepaswa kumtafuta."

Bwana huyo ni mimi. Kazi zote alizozitaja ni zangu, na wasifu aliousoma ni uleule niliouweka kwenye zabuni yangu, neno kwa neno. Nilipouliza wanatoaje alama, akasema bila wasiwasi kwamba zabuni zilikuwa nyingi na muda mfupi, kwa hiyo kila mjumbe aligawiwa zake akazisoma peke yake, kisha alama zikakusanywa. Yaani mjumbe mmoja alinisoma ndani ya kampuni yenye jengo akaona mtaalamu, mwingine akanisoma ndani ya kampuni yangu asione mtu, na hawakuwahi kuketi pamoja kulinganisha. Nikashukuru nikatoka.

Jioni mjomba akanipigia mwenyewe, anacheka. "Jina lako ndilo lililotubeba, mwanangu. Rudi tufanye kazi." Nikamwambia hukuniuliza. Akajibu, "Tangu lini naomba ruhusa kwa mtoto niliyemlea?"

Mama anasema nikilalamika nitakuwa nimemvua nguo kaka yake hadharani, na ananikumbusha kila siku nani alinisomesha. Mume wangu anasema serikali haisahau, nitawekwa alama nisipate zabuni maisha yangu yote, bora nirudi kwa mjomba kwenye mshahara. Wenzangu wananiangalia tu, na mmoja ameanza kuuliza kama kwa mjomba kuna nafasi yake pia. Mwisho wa kupokea malalamiko ni Ijumaa ya wiki ijayo. Roho inaniuma hadi jana nilimfokea mteja kwa sababu tu alisema printa yake imegoma. Nilalamike au nirudi kwa mjomba nimeze machungu?

Ni mimi, Fundi Niliyeitwa Bwana

*

Fundi, barua yako nimeitoa nyuma ya foleni kwa sababu ya hiyo Ijumaa, na kwa sababu niliisoma hadi chai yangu ikapoa. Una haki ya kukasirika, na mimi nimekasirika pamoja nawe. Kamati iliyompa mtu yuleyule alama mbili tofauti haikutathmini kitu, ilibahatisha, tena kwa kazi ya zahanati, ambako mama mwenye mtoto wa homa anasimama dirishani akiambiwa asubiri kompyuta iwake. Kusema muda ulikuwa mfupi si sababu, ni uvivu uliovaa tai.

Lakini nawe nikuseme kidogo. Umemuuliza mama, umemuuliza mume, na sasa umeniuliza mimi ambaye sina hata muhuri. Ofisi yenyewe hujaiuliza. Uliketi mbele ya mwenyekiti, ukasikia unavyosifiwa, ukashukuru, kisha ukaenda kumfokea mtu wa printa. Kakukosea nini huyo? Kamwombe radhi.

Kwa mjomba hurudi. Alichokiandika kwenye zabuni kwamba wewe ni fundi wake ni uongo, lakini siku utakayoingia pale getini na begi lako la kazi utakuwa umeugeuza kuwa kweli, na hutakuwa na la kulalamikia tena. Ndiyo maana anakuita upesi hivyo, wala si mapenzi tu.

Umeyafunga mambo mawili fundo moja, yafungue. Malalamiko yako ni juu ya namna walivyotoa alama; la mjomba ni jambo lingine. Waandikie kwamba mtaalamu waliyemsifu kwa mshindi ndiye waliyemshusha kwako, kwamba huna ajira kwa mshindi wala hukukubali kutajwa, na kwamba unataka zabuni zote zisomwe upya, na wajumbe wote, zikiwa zimewekwa pamoja mezani. Usiombe wakupe kazi. Matusi weka pembeni, na habari za kulelewa na kusomeshwa haziwahusu.

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: jina la mjomba litaguswa, na hilo amejitakia mwenyewe. Kwa hiyo nenda kwake kwanza, mchana, ofisini kwake, bila mama. Mwambie kwa heshima zote kwamba hurudi, na kwamba ana hadi Alhamisi kuiandikia idara aliondoe jina lako yeye mwenyewe. Akifanya hivyo atakuwa amejistiri, nawe utakuwa umemlipa malezi yake. Akikataa, wewe umemaliza sehemu yako. Vyovyote atakavyoamua, malalamiko yako kwa idara yanakwenda. Mama atanuna. Mwache anune, mpelekee wajukuu Jumapili kama kawaida.

Hofu ya mumeo siicheki, wapo maofisa wenye kinyongo. Mwambie tu kwamba hao anaowaogopa wasikufute, hadi leo hawajajua kama upo. Na yule mwenzako anayeulizia nafasi kwa mjomba, mwulize wazi kama anabaki au anakwenda, usimsome machoni.

Huenda wakasoma upya na bado ukakosa. Utaumia, lakini angalau utakuwa umeshindwa na mtu mwingine. Safari hii umeshindwa na wewe mwenyewe, na hilo ndilo nisilotaka ulikalie kimya.

Ijumaa usitume mtu wala barua pepe. Vaa vizuri, fika asubuhi wanapofungua, peleka kwa mkono wako na usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na mzee wa miwani akipita hapo mapokezi, msalimie kwa adabu, kisha umwambie kwamba yule bwana ambaye yeye mwenyewe alikutuma ukamtafute umempata, na ndiye aliyesimama mbele yake.