Kwa Mzee Ewald, Fundi Viatu wa Kensington

Mwaka umetimia tangu ututoke, Mzee Ewald, na bado kila anayeingia mlangoni tunamtazama miguu kwanza. Umetuharibu. Wenzako walisalimia kwa habari za asubuhi, wewe uliuliza, "Miguu mikavu?" Ukishajibiwa ndiyo, ndipo mengine yalipofuata.

Ulitupatia chumba cha nyuma ya nyumba yako Kensington, huku kusini mwa Afrika, tulipotoka mtaa wa Yeoville na mabegi yetu. Hukuwa na mtoto, na wetu walikuita Babu kabla hatujawafundisha. Ulishona viatu vya mtaa mzima mpaka vidole vilipogoma. Mkate hukuutupa kamwe. Kipande kigumu ulikitia ndani ya shati, kifuani, kama ulivyofanya ukiwa kijana wa miaka kumi na minane katika jeshi la Ujerumani la vita vikuu vya pili, mstari wa mbele wa mashariki, mkate ulipokuwa ukigeuka barafu mikononi.

Mume wangu Évariste hasahau Julai ile ya baridi kali aliporudi kutoka lindo akichechemea.

"Mzee, mi navaa soksi tatu, na baridi inaingia tu," alikuambia.

"Soksi ni za maofisa," ukamjibu. Ukachana shati lako la flana, ukapiga magoti na uzee wako, ukamfunga vitambaa miguuni kama mlivyofunga ninyi vitani. Ulinyoosha kila kunjo, kwa sababu kunjo huleta lengelenge, na lengelenge, ulisema, ndilo lililomfanya rafiki yako abaki nyuma ya wenzake, theluji ikamkuta. Évariste alicheka. Hadi leo hagusi soksi kazini.

Sasa niseme lililonikaa rohoni.

Tangu ufe, wanatujia watu wanaopenda vita wasivyopigana. Walitaka picha, walitaka medali yako. Nikawaambia uliila. Walidhani Kiingereza kimenishinda, nikaeleza polepole: vita vilipokwisha uliibadilisha kwa viazi, ukavila na maganda yake. Wakauliza ni adui gani uliyesimulia habari zake zaidi. Chawa, nikasema. Chawa kwenye mishono ya shati, supu iliyofika imeganda, kuchimba shimo kwenye ardhi ngumu kuliko sururu, na kumvua maiti buti kwa sababu zako zimetoboka. Hawakuandika hata neno.

Kisha wakaahidi jiwe la kaburi la bure, jeusi, refu, lenye kofia ya chuma na maneno "Askari Shujaa". Jirani yangu Clémentine akaniambia, "Mama Carmel, eish, kubali tu, jiwe ya bure utapata wapi?" Wengine wakasema kinyume, kwamba askari wa jeshi lile hastahili hata jina kaburini. Wote nawajibu hapa hapa, na wewe usikie.

Jioni moja mezani ulituambia, "Kulikuwa na mama na watoto wake wawili. Nyumba yao ilikuwa na moto wa kuota. Tuliwafukuza nje kwenye theluji, tukalala sisi ndani. Mlango niliufunga mimi."

Niliondoka mezani. Kule Kivu, mimi nilikuwa mtoto wa nje ya mlango kama huo. Askari walilala kwenye vitanda vyetu, na mama alitukumbatia migombani mvua ikitunyeshea. Kwa wiki kadhaa sikukusemesha. Nilikuwekea chakula nikageuza mgongo. Hukunibembeleza. Hukusema uliamriwa, hukusema ulikuwa mtoto. Siku nilipokuuliza kwa nini uliniambia, ulijibu, "Kwa sababu wengine wangenipa pole. Wewe nilijua hutanipa."

Nikakaa. Tukala pamoja.

Kusamehe kwa niaba ya mama yule si kazi yangu, na sijajaribu. Lakini nilikupenda, Mzee, na sitaki mtu anichagulie moja kati ya hayo mawili. Wanaotaka shujaa wajue kwamba shujaa hakufunga mlango ule. Aliufunga kijana mwenye njaa, hofu na miguu iliyolowa, na vijana wa namna hiyo wanaandikishwa hata leo, kwetu na kwingine. Wanaotaka ulale bila jina nao waniambie: watoto wangu watajuaje ni watu gani hufunga milango? Watadhani ni mashetani. Mimi nimempikia mmoja wao chai, namjua.

Jumamosi hii tunakwenda makaburini kufunua jiwe lako, kama ilivyo desturi ya hapa mwaka ukitimia. Ni dogo, la kijivu, tumelichangia wenyewe. Tumelifunika kwa blanketi lako, na mwanangu Elisée atalivuta blanketi hilo. Watakaokuja kutafuta kofia ya chuma watakuta jina lako na maneno mawili uliyoagiza: Fundi Viatu. Wakitaka zaidi waje kwangu, nitawasimulia habari za mlango.

Tunaokukumbuka ni mimi Mamie, mume wangu Évariste, watoto wetu Carmel na Elisée, na Karimu wa Mayfair, uliyemfundisha kazi na kumwachia nyundo zako.

Hatutakusahau, Babu, wala hatutakupamba. Miguu yetu mikavu.