Niulize Tena Kesho

Baba, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini ningeanzaje barua kwako bila shikamoo? Ungeirudisha.

Huku Zombo, nilikorudi kwa likizo, tuko salama. Mama anakula kidogo, ila anakula. Ng'ombe wamepungua wawili, tuliwachinja kwenye msiba wako. Yule dume mweusi uliyempenda amekuwa mkorofi kupita kiasi, nadhani amekununia kwa kuondoka bila kumuaga. Mimi pia nimekununia kidogo, kwa sababu uliondoka kabla sijakwambia jambo moja la chuo. Niliona aibu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniamsha kabla ya jua kutoka, twende zizini? Ulikuwa na swali moja tu: "Minza, leo nani mgonjwa?" Kisha unangoja. Sharti lako lilikuwa nimzunguke kila ng'ombe mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Nilikuwa darasa la tano niliposema wote wazima, na jioni yake ndama wa ng'ombe wetu Mabaka akafa. Nilingoja fimbo. Hukunipiga, hukunigombeza. Asubuhi iliyofuata ukaniamsha, ukaniuliza swali lilelile. Nililia, nikasema sijui. Ukasema, "Basi zunguka tena." Tulisimama pale mpaka jua likatuchoma migongo. Siku ile nilikuona mkatili, Baba.

Sasa chuo. Muhula uliopita tulipelekwa Mikumi kwa mafunzo ya vitendo, kwenye josho ambako wafugaji huogesha ng'ombe wao. Mkufunzi wetu wa magonjwa akanionyesha mtamba mweupe, jike ambaye hajazaa bado, akaniuliza anaumwa nini. Nilitaka wenzangu wajue kwamba mimi ni mtoto wa mfugaji, si mtu wa kukariri vitini vya darasani. Nikajibu nikiwa mbali, hata sijamgusa: ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaovimbisha matezi. Akaniambia nimshike matezi chini ya sikio. Hayakuvimba. Kinyesi chake kilikuwa kikavu, kigumu. Ilikuwa ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe, unaokausha kinyesi. Wenzangu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka, na tangu hapo wakaniita Daktari wa Mbali.

Kicheko kingepita. Kilichonimaliza ni kwamba mkufunzi hakuniuliza tena. Macho yake yakifika kwangu yanaruka kwa jirani. Wiki tatu, Baba. Nikaanza kuamini kwamba ananijua kuliko ninavyojijua. Ile shahada ya udaktari wa mifugo tuliyokuwa tukiipanga mimi na wewe, nikaacha kuiwaza. Nikawaza kufungua duka la dawa za mifugo, niuze tu, nisiulizwe kitu na mtu. Ndipo simu ya msiba ikaja.

Tulipomaliza matanga nilimwambia Mama sirudi chuo, nabaki kumsaidia. Hakubisha. Kesho yake akaniamsha alfajiri, akanipeleka zizini. Mama, ambaye miaka yote hakuwahi kuingilia shughuli yetu ile. Akasimama palepale ulipokuwa ukisimama, akafunga khanga vizuri, akauliza, "Minza, leo nani mgonjwa?"

Nililia hadi nikachuchumaa. Naye akangoja, kama ulivyokuwa ukingoja. Kisha nikainuka, nikazunguka.

Jumatatu iliyofuata nilirudi chuo. Nilimfuata mkufunzi ofisini, nikamwamkia, nikamwambia kwamba tangu siku ya josho hajaniuliza chochote. Alishangaa. Akasema alidhani ananisitiri, aliona nilivyoumia akaogopa kuniaibisha zaidi mbele ya wenzangu. Nikaona si mtu mbaya. Alikuwa ananionea huruma tu, na huruma yake ndiyo ilikuwa inanizamisha.

"Mwalimu, niulize tena," nikasema. "Nikikosea, niulize tena kesho."

Sikujua maneno hayo nimeyatoa wapi mpaka nilipokuwa nje ya mlango. Ni yako, ingawa hukuwahi kuyatamka.

Tuliporudi joshoni akaniuliza mbele ya wote. Nikamzunguka ng'ombe. Mmoja akanong'ona kwamba nafanya tambiko. Nikazunguka mara ya pili, nikashika matezi, nikafunua jicho, ndipo nikasema ninachokiona. Nisichokijua nikasema sikijui, nataka damu ipimwe. Mkufunzi akasema niendelee. Hakusema nimepatia. Lakini kesho yake aliniuliza tena, na usiku huo nililala usingizi mzito kama mtoto.

Nikimaliza diploma naomba shahada. Mama nimemwambia, mkufunzi nimemwambia, na leo nakwambia wewe, ili nisiwe na pa kukimbilia. Naogopa bado. Kiingereza cha vitabu kinanipiga chenga, na wapo wanaosema binti wa wafugaji inamtosha kuwa muuza dawa. Nimewasikia. Nimeshawazunguka mara moja, nitawazunguka mara ya pili kabla ya kuwajibu.

Nakuahidi hivi, Baba: siku nitakapopewa mtoto wa mtu nimfundishe, au nikijaliwa wangu, akikosea sitamnyamazia kwa huruma. Nitamwamsha mapema kesho yake.

Pumzika sasa. Usihangaike na alfajiri. Zizini nakwenda mimi.

Mwanao,
Minza