Bata wa Baba Mkwe kwenye Bwawa la Ragnhild

Mpendwa Bibi Thyra, naomba unisaidie mawazo kwenye ukurasa wako wa gazeti kwa jambo ambalo ukilisikia juu juu utacheka, na hata mimi ningecheka kama lingekuwa la mtu mwingine, maana linahusu bata, ila limefika mahali ambapo mtu asiye na kosa anakaribia kushtakiwa na aliyeshika ndoo ni mimi.

Nimeolewa hapa kisiwani Falster, Denmark, tunaishi na mume wangu Troels kwenye shamba la baba yake, mzee Svenning, na kila mwanzo wa kiangazi baba mkwe hununua vifaranga vya bata, tunawalea bandani, wakishaota manyoya tunawaachia bwawani ili vuli ikifika wageni wake waje kuwinda, na tangu alipobadilishwa nyonga kazi ya kuwalisha imekuwa yangu, napiga ndoo kwa mwiko na wao wanatoka majini mbio, wananizunguka miguuni mpaka nashindwa kupiga hatua. Sikuelezi haya ili unionee huruma wala ili uwaonee huruma wao, bata nawala kama watu wengine, nataka tu ujue kwamba wanaifuata ndoo popote inapokwenda na kwamba mtu wanayemjua ni mimi.

Sasa, kanuni inataka idadi ya bata wa kuachiwa iendane na ukubwa wa bwawa, na bwawa letu ni dogo, na Svenning anaijua kanuni hiyo vizuri sana ila anasema imeandikwa na watu wa Kopenhagen ambao humjua bata akiwa kwenye sahani tu, kwa hiyo mwaka huu aliagiza wengi kama alivyokuwa akiagiza marehemu baba yake, yaani mara mbili ya wanaoruhusiwa, na nilipomuuliza akaniambia, "Mkwe wangu, wewe lisha tu, hesabu niachie mimi." Nikalisha.

Mwezi wa Agosti mkaguzi akapiga simu, kwa adabu kabisa, kwamba atapita kuliangalia bwawa, na Svenning badala ya kuhangaika alimaliza kahawa yake kwanza, halafu akasema Ragnhild yuko Aalborg kwa binti yake wiki nzima na bwawa lake liko pale tu ng'ambo ya barabara. Hapa lazima nikueleze Ragnhild ni nani. Ni jirani yetu, mjane, na ndiye shoga yangu wa kwanza tangu nilipokuja huku bila kumjua mtu, na hilo bwawa mumewe Asger alilichimbua upya na kulisafisha mwaka wake wa mwisho, maji yake yalikuwa safi mpaka unaona mawe ya chini, na Ragnhild huingia humo kila asubuhi kuogelea, kiangazi na baridi, hata likiganda barafu hulipasua kwa shoka akaingia, anasema bila hivyo siku yake haianzi.

Basi asubuhi ya ukaguzi nusu ya bata tuliwafungia bandani, nusu nikatoka nao, mimi mbele na ndoo yangu, wao nyuma yangu, tukakatiza shamba la shayiri lililokwisha kuvunwa, tukavuka barabara, gari la maziwa likasimama kutupisha na dereva akanipungia mkono, nami nikampungia, nikawaingiza kwenye bwawa la Ragnhild na kuwamwagia ngano ili watulie. Wale wa bandani tukawarudisha majini. Mkaguzi akaja, akahesabu, akaridhika, akala keki ya mama mkwe akaomba na kipande cha pili, akaenda zake. Jioni nikaenda kuwachukua wale wengine kwa ndoo, wakarudi bila taabu.

Tatizo ni kwamba bata wameshaijua njia. Kila siku wakishamaliza chakula changu wanaondoka makundi makundi kwenda kule kutafuta kingine, wanashinda huko, wanachafua huko, na wiki zilivyokwenda maji ya Ragnhild yakawa kijani, kisha yakawa mazito, sasa yananuka na yeye ametokwa na vipele mwili mzima mpaka daktari amemkataza kuingia. Aliniuliza kama bata hao si wetu. Svenning alikuwa amesimama karibu, akamjibu yeye kwamba wetu wamehesabiwa na serikali na wapo wote bwawani kwao, jambo ambalo kwa wale waliohesabiwa siku ile lilikuwa kweli. Basi Ragnhild ameamini kwamba hawa ni bata wa porini waliomjia wenyewe, na anawapenda, anawarushia mkate. Aliniambia, "Maji yameniharibikia, lakini angalau nimepata wageni. Asger angefurahi kuwaona."

Na kwa kuwa lazima awepo wa kulaumiwa, analaumiwa Egon, mfugaji wa nguruwe, maana shamba lake liko kwenye mteremko juu ya bwawa la Ragnhild na mwezi ule ule alimwaga mbolea ya nguruwe, na kijiji kizima kimekubali kwamba ni yeye. Kwenye chakula cha pamoja ukumbini hakuna aliyekaa meza yake, yeye na mkewe walikula wakitazamana na viti vitupu, na mimi nilikuwa nimekaa na Ragnhild. Juzi Egon alinikuta kwenye duka la ushirika, mbele ya rafu ya mikate, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe unakaa pale pale. Kweli unadhani ni mimi?" Nikamwambia sijui. Ndivyo nilivyosema, Bibi Thyra, nilisema sijui, nikachukua mkate wangu nikatoka.

Ragnhild anakwenda manispaa kumshtaki na ameniomba nifuatane naye, nikaseme kwamba maji yalikuwa safi kabla ya ile mbolea, jambo ambalo nalo ni kweli. Mume wangu anasema ninyamaze mpaka tuwinde, mwisho wa Septemba, maana Svenning ameshapanga kwamba wageni wapangwe kwenye mabua ya shayiri kati ya mabwawa mawili, watu wa kufukuza ndege wawainue bata kutoka kwa Ragnhild, na mimi nipige ndoo nyumbani ili waruke kuja kwangu juu ya bunduki. "Bata wakiisha, jambo limeisha," ndivyo anavyosema Troels. Nikisema ukweli, Svenning atazuiwa kuachia bata, pengine na leseni ya kuwinda itakwenda, na yeye ni mzee, mwaka mzima anaishi kwa kuingojea siku hiyo moja ya kupanga ndege waliopigwa juu ya matawi ya misonobari na kupigiwa baragumu, kama ilivyo desturi ya wawindaji wa huku, na mimi nitaendelea kukaa naye meza moja asubuhi, mchana na jioni. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nifanye nini?

Mkwe, Falster

*

Mkwe wa Falster,

Pole. Kukaa na mkwe mkaidi kwenye nyumba yake mwenyewe ni kazi, naijua, na barua yako inaonyesha umeifanya kwa uvumilivu. Pole hiyo inaishia hapa.

Unasema ukinyamaza hakuna atakayejua. Wanaojua ni wewe, mumeo, baba mkwe wako, mimi, na bila shaka mama mkwe aliyeoka keki. Hiyo ni meza nzima. Asiyejua ni Ragnhild na Egon, yaani wale wawili tu wanaoumia.

Mimi nimeishi na mwindaji miaka yangu yote ya ndoa. Nimepika supu ya njegere ya wageni wa kuwinda, nimesimama kwenye baridi baragumu ikipigwa, na sina ugomvi na uwindaji. Lakini bata anayekimbilia ndoo hawindwi. Huyo anaitwa nyumbani kula, na njiani anapigwa risasi. Svenning anayajua haya kuliko mimi, ndiyo maana anataka waruke. Wakitembea kwa miguu kuja kwako, wageni wake wataona aibu kuinua bunduki.

Na hiyo kanuni anayowacheka nayo watu wa Kopenhagen, mwambie aisome tena polepole. Kwa nini idadi ifuate ukubwa wa bwawa? Kwa sababu ya maji. Bata wengi kwenye maji machache, pamoja na ngano na kinyesi chao, maji yanakufa, na huhitaji kwenda shule kulielewa hilo maana umeliona kwa macho yako. Sheria haikutungwa ili kumnyima mzee furaha yake. Ilitungwa kwa ajili ya mwanamke kama Ragnhild, ila mlimhamishia yeye hasara ambayo sheria ilikuwa inaikinga. Mlijua lipi ni kosa, mkalipeleka kwa jirani asiyekuwepo nyumbani.

Mumeo anasema bata wakiisha jambo limeisha. Muulize: bata wakiisha, maji ya Ragnhild yatarudi kuwa safi siku hiyo hiyo? Jina la Egon nalo? Troels anataka amani, na mwenye kutafuta amani ya aina hiyo hupata kimya tu. Usimfuate katika hili.

Nakulaumu kwa jambo moja kuliko yote, na silo lile la kuwavusha bata. Hilo ulitumwa, ulikubali, ni kosa la kawaida la mtu anayetaka asinuniwe mezani. Ninalokulaumu ni la dukani. Mtu mzima aliyetengwa na kijiji kizima alikuja kwako, akajishusha akakuuliza, na wewe ulikuwa na jibu mdomoni ukalimeza. Kwenye barua ndefu hivi umeeleza moyo wa Svenning, starehe ya Svenning, uzee wa Svenning. Egon umempa mistari michache na mkewe hata jina hukumtaja. Anza kuwahesabu na hao.

Sasa sikiliza. Manispaa huendi kusema maji yalikuwa safi kabla ya mbolea. Ni kweli, lakini ni ukweli uliokatwa katikati, na ukiapishwa nao utakuwa umemzika jirani yako kwa maneno ambayo hayana uongo hata mmoja. Ukifanya hivyo usiniandikie tena.

Kwanza nenda kwa Ragnhild. Atataka kukukaribisha, atachukua birika, ataleta vikombe. Usikae, wala usinywe kahawa yake kabla hujasema. Mwambie ukiwa umesimama: bata ni wetu, niliwaleta mimi, ulipokuwa Aalborg. Usianze na jina la Svenning. Atakuja kulitaja yeye mwenyewe, na hapo usibishe. Huenda akakufukuza. Huenda akalia kwa ajili ya wale wageni wake wa porini zaidi ya maji, na hilo litakuuma kuliko matusi, livumilie. Usimwombe akusamehe siku hiyo, maana utakuwa unamwongezea kazi.

Ukitoka hapo nenda kwa Egon, mwenyewe, usimtume Ragnhild. Mlangoni kwake, mkewe akiwepo. Maneno machache yanatosha. Halafu kwenye chakula kijacho cha ukumbini ukae meza yao, na ukiulizwa kwa nini umekaa pale, uwaeleze watu kwa nini.

Ndipo umwambie Svenning, mchana, mezani, Troels akiwepo. Usimwombe ruhusa, jambo litakuwa limeshafanyika. Mpe nafasi moja: ampigie mkaguzi simu yeye mwenyewe kabla wewe hujapiga. Mzee anayejisema hutazamwa tofauti na mzee anayesemwa, na kama ana akili za kuhamisha bata anazo pia za kulielewa hilo. Asipopiga, piga wewe siku ile ile, na umuulize mkaguzi hao bata wa ziada wafanyiwe nini, maana si kazi yako kuamua, na msiwamalize kimyakimya. Mpaka mpate jibu, wazuieni wasivuke barabara. Siku ya kuwinda, kama itakuwepo, usiwaite.

Svenning atanuna. Hawa wazee wetu wakinuna hununa mpaka Krismasi, wanakuomba siagi kupitia kwa mtu mwingine. Mpe siagi. Hatakufa kwa kukosa siku moja ya baragumu, na kama kweli anaishi kwa siku hiyo tu, basi mtafutieni jambo jingine la kuishi kwalo, mnakaa naye nyumba moja.

La mwisho. Umeliandikia gazeti, hukumwandikia kasisi, nami nachapisha. Majina nimeyabadilisha, lakini kwenu mwanamke aliyevuka barabara na kundi la bata mchana kweupe ni mmoja tu, na dereva wa gari la maziwa naye anasoma. Nakala ya jibu hili nimekutumia kwa posta mapema, itakufikia Jumamosi. Gazeti linaingia kwenye masanduku ya barua Jumatano asubuhi, na Ragnhild, ambaye siku hizi haogelei, atakuwa na nafasi ya kulisoma lote. Akifika kwenye ukurasa huu, awe anasoma habari aliyokwisha kuisikia kutoka kwako.

Thyra