Kijiji cha Bibi Anna

Doonside, Agosti 2021

Bibi Anna amefariki leo mchana hapa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu wenye glavu. Binti yake Eva hakuruhusiwa kuingia kwa sababu ya lockdown ya korona. Alisimama nje ya dirisha na mvua inamnyeshea, simu sikioni.

Baadaye, akiwa bado pale nje, akaniuliza kwenye simu, "Mama alikuwa anaongea nini na wewe? Mimi hakuwahi kuniambia chochote kuhusu kwao."

Nikamweleza. Ni kijiji kidogo huko Slovakia, nyumba zimejipanga bondeni kando ya mto, kanisa liko kilimani, na nyuma yake msitu mpaka milimani. Babu yake Bibi Anna alizaliwa hapo chini ya mfalme wa Hungaria, Bibi Anna mwenyewe akazaliwa hapohapo nchi ikiitwa Chekoslovakia. Wakati wa vita Wajerumani walikichoma, watu wakakimbilia msituni kwenye theluji.

"Wote walipona?" Eva akauliza.

Bibi Anna aliniambia mimi yaliyotokea kwa sababu alijua nami nilibebwa mgongoni na mama tukikimbia vita, kutoka Burundi hadi kambi ya wakimbizi Tanzania. Kule msituni mdogo wake mchanga alilia, askari wakiwa karibu. Mama yao akamziba mdomo. Alipoondoa mkono, mtoto alikuwa amekufa.

Nikamjibu Eva, "Hilo hakunieleza."

Alinishukuru sana, masikini. Akasema mipaka ikifunguliwa ataenda kukiona kijiji chenyewe, awaulize wazee waliobaki.

Watamwambia. Afadhali angesikia kwangu, lakini nilimwona pale kwenye mvua, nikashindwa kumwambia.